Mfumo Mpya wa Kompyuta na Mwalimu Karne

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya shule yetu, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofunga maduka na kuacha shughuli zenu asubuhi hii, fundi wetu wa kompyuta uliyejibanza nyuma ya nguzo ukidhani sikuoni, na ninyi wanafunzi mliobanana mpaka madirishani: nawasalimu nyote, na poleni kwa viti. Viti vizuri vimeingia kwenye chumba cha kompyuta, na hakuna aliyekubali kuvitoa.

Nimepewa kazi ya kueleza uzuri na ubovu wa mfumo endeshi mpya kabla Mheshimiwa hajakata utepe. Kwa asiyejua, mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoziendesha nyingine zote. Bila yake kompyuta ni sanduku tu lenye waya. Mwalimu Mkuu aliniambia, "Wewe ni mwalimu wa hesabu, utasema kweli na utasema kwa kifupi." La kusema kweli nitalitimiza. Hilo jingine tutaona.

Mnaukumbuka mfumo wa zamani? Ukiiwasha kompyuta asubuhi, ulikuwa na muda wa kuchemsha chai, kuinywa, kuosha kikombe na kusuluhisha ugomvi wa darasa la jirani, ndipo ikuulize wewe ni nani. Huu mpya unawaka kabla hujakaa sawa. Umeme ukikatika, kazi yako unaikuta palepale ulipoiacha, maana mfumo unaihifadhi wenyewe bila kuambiwa. Na zile flashi zenu, wanafunzi, zilizokuwa zikitusambazia virusi kuliko mafua, sasa zinakaguliwa kabla hazijafunguka. Msinune. Mnajua mlichokuwa mkituletea.

Lakini nimeahidi kusema kweli. Printa yetu kubwa, iliyochapa mitihani tangu baadhi ya walimu hawa wakiwa wanafunzi hapahapa, mfumo mpya unasema hauitambui. Hauitambui! Wamekaa meza moja, wanatazamana. Nikamuuliza fundi, akanijibu kwa huruma kama daktari, "Mwalimu, waliotengeneza printa hii walishaacha kuishughulikia." Kwa hiyo tumebakiza kompyuta moja ya zamani kwa katibu muhtasi, kazi yake ni kuongea na printa tu, na nimeambiwa wanaelewana sana.

Kisha kuna kujisasisha. Mfumo huu, ukishapata toleo jipya, unajisasisha pale unapojisikia wenyewe. Siku ya kutoa ripoti, wazazi mmejaa kwenye veranda, kompyuta zote zikatuandikia: subiri, usizime. Tukasubiri. Mwalimu Mkuu akatoka kuwashika wazazi kwa maneno, akazungumzia nidhamu, akazungumzia usafi, maneno yakamwishia akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Mwalimu Mkuu, samahani, ila mvua za mwaka huu ulizieleza vizuri mno.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuleta hapa, maana najua hamkuja kwa ajili ya printa.

Mfumo huu unasema. Kila kilichoandikwa kwenye skrini unaweza kukisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, na kila herufi unayobonyeza unakutajia. Sauti hiyo imo ndani yake tangu unaponunuliwa. Mimi na ninyi wenye macho tungeweza kukaa na mfumo huu miaka bila kujua kwamba una mdomo. Aliyeujua ni mmoja, na ameketi pale mstari wa mbele, suti yake imenyooka kuliko zetu zote kwa sababu mkewe ni fundi cherehani.

Nazungumza juu ya mwalimu wetu wa historia. Wanafunzi mnamwita Mwalimu Karne, na msijifanye ni siri, anajua. Chai ikipoa anasema ni chai ya karne iliyopita. Mkutano ukirefuka anauliza tumeingia karne gani. Meza yangu imepakana na yake ofisini miaka yote hii, na sijawahi kumaliza siku bila kucheka.

Macho yake yalianza kufifia polepole, na mwaka jana yakazima kabisa. Hakuacha kufundisha; historia yote anayo kichwani. Tatizo lilikuwa karatasi. Insha za wanafunzi alizisomewa na mkewe, wifi yangu yule pale, kila siku baada ya chakula cha jioni. Wifi aliniambia, "Dada, nimepigana vita vyote vya dunia nikiwa na sindano mdomoni. Mteja juzi nimemshonea gauni lina mabega ya kijeshi."

Tulicheka, lakini Bodi haikucheka, na haikuwa na kosa. Mheshimiwa, nakusifu kwa jambo hili mbele ya watu: hukumsema mwenzetu pembeni. Ulimwita, ukamkalisha, ukamwambia ana kwa ana kwamba mtihani wa shule hauwezi kusomwa na mtu wa nyumbani, hata awe mwaminifu namna gani. Ulisema akiweza kuandaa, kusahihisha na kuingiza alama bila macho ya mtu mwingine, kabla ya siku ya kufungua chumba cha kompyuta, atabaki kazini. Asipoweza, tutamuaga kwa heshima, astaafu mapema. Siku yenyewe ndiyo leo. Uamuzi utautangaza wewe baada yangu, na hakuna hata mmoja humu anayejua utasema nini. Mimi nimekaa karibu nawe tangu asubuhi, nimekuchunguza uso, sijaambulia kitu.

Ndugu zangu, mnadhani mtu mzima aliyezoea kufundisha anafurahia kufundishwa? Mwalimu Karne alituambia sote, "Kompyuta? Hiyo imeshaniingia." Haikuwa imeingia hata mlangoni. Siku ya kwanza ilimtaka ajitambulishe kwa sura, maana ni sifa nyingine ya mfumo huu, unakufungulia kwa kukuangalia usoni. Ikamwambia: tazama kamera. Akaugeuza uso. Ikarudia: tazama kamera. Akaijibu, "Ningekuwa natazama, ningekuhitaji wewe wa nini?"

Basi akawa anakuja mapema kabla ya wote, anajifungia kwenye kile chumba cha kompyuta kinachopakana na ukumbi huu, anavaa spika za masikioni, anajifunza kimyakimya asisikiwe na mtu. Hapo ndipo nilete kasoro kubwa kuliko zote za mfumo huu, na fundi usiondoke, hii ni yako. Mfumo mpya unapenda spika. Ukihisi spika isiyo na waya imewashwa karibu, unajiunga nayo bila kukuomba ruhusa, huku masikioni ukiendelea kusikia kama kawaida. Na asubuhi moja kiranja alikuwa amewasha spika kubwa za ukumbi huu, anazijaribu kabla ya mkusanyiko.

Wanafunzi wanapanga viti, mara ukumbi mzima ukajaa sauti ya upole: "Umekosea. Jaribu tena."

Wakaangaliana. Nani kakosea? Sauti ikatulia kidogo, ikarudi: "Umekosea. Faili halijahifadhiwa kwa jina. Jaribu tena." Mimi nilikuwa kwenye korido na madaftari yangu, nikasimama. Hapo Mwalimu Karne, na hasira zake, akaanza kuiandikia mashine yanayomtoka moyoni, na mashine, kwa kuwa inasoma kila unachoandika, ikautangazia ukumbi kwa sauti ileile ya upole, "Sikiliza wewe sanduku. Mimi nimefundisha hadi wazazi wa watoto hawa. Huwezi kunishinda."

Ndipo wakamjua.

Nitasema ukweli. Nilidhani watacheka, na nilijua wakicheka hatarudi tena kwenye chumba kile. Nikaenda mbio, na viatu vyangu hivi, niifikie swichi ya spika. Nilipoingia ukumbini sikukuta kicheko. Watoto wamesimama wamegeukia spika kama watu wanaosikiliza penalti redioni. Sauti ikasema umekosea, ukumbi ukaguna, "Aaa!" Ikasema jaribu tena, binti mmoja wa kwaya akanong'ona, "Jaribu, Mwalimu, jaribu." Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Sikuizima. Nami nilitaka kujua.

Alikosea tena, na tena. Kisha ikaja kimya, tukadhani amekata tamaa. Sauti ikasema, "Sababu za vita. Faili limehifadhiwa."

Jamani! Sijasikia kelele ile hata siku timu yetu iliposhinda kombe. Viti vilianguka. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini akidhani kuna moto. Na Mwalimu Karne akavua spika zake za masikioni, akafungua mlango, akauliza, "Kuna nini huko, wamefunga goli?"

Nikamwambia, "Umefunga wewe."

Nikamweleza kilichotokea. Niliona aibu inampanda, akashika fremu ya mlango, akasema taratibu, "Wamesikia yote? Na la sanduku?" Nikasema na la sanduku. Akasema, "Basi mimi kwa watoto hawa sina tena uso." Yule binti wa kwaya alikuwa amenifuata nyuma. Akasema, "Mwalimu, shikamoo. Sisi darasa zima kuhifadhi faili kwa jina kulitushinda wiki iliyopita. Tunaomba utuoneshe ulivyofanya."

Tangu hapo hakujificha tena. Alijifunza mbele yao, na wao mbele yake. Aligundua kwamba mfumo unasoma hata vile vikatuni mnavyoviweka kwenye ujumbe. Kuna kijana alimalizia insha yake juu ya njaa na vita kwa kikatuni, na mashine ikasoma kwa utulivu: uso unaocheka mpaka machozi. Mwalimu akamkata alama. Kijana, uko hapa, ulistahili.

Mtihani wa mwisho wa muhula aliuandaa mwenyewe. Wanafunzi wakaujibu kwenye kompyuta, akausahihisha mwenyewe, akaingiza alama mwenyewe. Wifi alimsindikiza siku ile, akaweka kiti chake akiipa skrini kisogo, akashona muda wote akitazama ukutani, ili mtu yeyote asije akasema alimsomea hata neno moja. Katikati ya kazi mfumo ukaamua kujisasisha. Usinitazame hivyo, fundi, uliamua. Mume na mke wakakaa mbele ya mashine inayosema subiri, mmoja haoni, mwingine hataki kuona. Ulipowaka, kazi yote ilikuwepo. Nilipopita mlangoni nikawakuta wameshikana mikono, nikaendelea na safari yangu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukiniuliza kama mfumo huu ni mzuri, jibu langu ni kwamba unachosha, unajiamulia mambo, hauna adabu kwa printa na hauwezi kutunza siri. Na umemrudishia mwenzangu kazi yake. Mtu akikufanyia hilo la mwisho, hayo ya mwanzo unayameza.

Limebaki moja ambalo mfumo hauliwezi, na fundi amekiri. Hauwezi kumwambia mwalimu ni nani aliyenyoosha mkono darasani. Wanafunzi wamelitatua wenyewe bila kutuuliza. Mwenye swali anagonga dawati mara moja, mwenye jibu mara mbili, na anayebanwa na haja anagonga mfululizo. Mwalimu anamjua mgongaji kwa upande sauti inakotoka. Siku hizi wananigongea hata mimi. Nawaambia mimi naona, wananijibu, "Tumezoea, Mwalimu."

Mheshimiwa, nilionywa nisikuombe kitu katika hotuba hii, nami sikuombi. Nauliza tu watu wa ukumbi huu swali, kama mwalimu yeyote. Nani anataka Mwalimu Karne aingie darasani muhula ujao? Msinyooshe mikono, tafadhali. Hatawaona. Mnajua la kufanya.

Mwalimu Karne, unasikia? Kulia kwako hao ni wanafunzi wako. Nyuma ni wazazi, na baadhi yao uliwafundisha, ndiyo maana wanagonga kwa woga. Huyo mwenye mlio wa chini kabisa ni fundi, anagonga nguzo. Wifi, polepole, hiyo meza ni ya kuazima.

Na huo mlio mzito uliotoka sasa hivi meza kuu, ambao umewanyamazisha wote? Mwalimu, kwa kuwa huwezi kumwona, nakwambia mimi. Ni mkono wa Mwenyekiti wa Bodi. Amegonga mara mbili. Hilo ni jibu.

Mheshimiwa, karibu ulikamilishe kwa maneno. Nami nawashukuru nyote kwa masikio yenu.