Tenki la Nyuma ya Jiko

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

CHIRIKU: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mimi nani? Namba hii siijui.

CHIRIKU: Chiriku wako. Simu ya matroni hii. Kanipa dakika chache, yuko— [mkwaruzo] —anaanika mashuka.

DADA: Ngoja nisimamishe cherehani. [Cherehani inanyamaza.] Haya. Saa nne asubuhi, wenzako wako darasani. Umefanya nini?

CHIRIKU: Mbona moja kwa moja unadhani nimefanya kitu?

DADA: Nimekulea mimi. Sema.

CHIRIKU: Mwalimu mkuu anakutaka kesho. Anataka niandike barua kwamba nilisema uongo, halafu wewe utie sahihi kama mlezi. Nikikataa, nakaa nyumbani mpaka mitihani iishe.

DADA: Si ndiyo mitihani ya mwisho hiyo?

CHIRIKU: Ndiyo hiyo.

DADA: Mungu wangu. Ulisema nini?

CHIRIKU: Kwamba maji ya tenki la nyuma ya jiko ndiyo yanatuumiza matumbo. Tena darasani, si vichochoroni! Mwalimu wa sayansi alitaka kila mtu alete dai na ushahidi wake, wenzake wambane kwa maswali. Nikaleta.

DADA: Mkuu akatokea wapi?

CHIRIKU: Alikuwa dirishani.

DADA: [Anacheka kidogo.] Na wewe ukishashika kasi, hata dirisha hulioni.

CHIRIKU: Usicheke bwana! Nina daftari. Wasichana ishirini walioingia chumba cha wagonjwa, nimewauliza mmoja mmoja. Kumi na saba wanachota tenki la nyuma. Kumi na saba, dada!

DADA: Na wazima?

CHIRIKU: Wazima gani?

DADA: Wasioumwa. Wanachota wapi?

CHIRIKU: Sikuwauliza.

DADA: Ehee.

CHIRIKU: Wazima wa nini sasa? Hawana—

DADA: Nisikilize. Sare zikinirudia zimefumuka, nikaona zote nimeshonea uzi wa bei rahisi, siulaumu uzi hapo hapo. Natazama kwanza zile ambazo hazikurudi. Je, kama nazo zina uzi huo huo? Kama shule karibu nzima inachota tenki moja, hao kumi na saba wako wanatuambia nini?

CHIRIKU: Umeshakuwa mwalimu mkuu na wewe.

DADA: Mimi niliishia shule ya msingi, mama. Nauliza tu.

CHIRIKU: Mwalimu wa sayansi aliuliza hivyo hivyo. Ila mkuu akasema hapa hakuna cha maswali, ni utovu wa adabu. Akasema kama ninao ushahidi kweli, niuweke mezani kwake kabla ya kesho.

DADA: Basi si uongo huo. Ni kazi ambayo haijaisha. Andika hivyo: sijawauliza wazima. Hiyo nitaitia sahihi. Ya uongo, kalamu siigusi.

CHIRIKU: Hataikubali.

DADA: Nitasema naye mwenyewe. Nitasema taratibu, simvunjii mtu heshima—

CHIRIKU: Haina haja. Ushahidi ninao.

DADA: Umewauliza lini?

CHIRIKU: Watu mia tatu, siku moja? Tena tangu jana jioni nimekatazwa kutoka bwenini. [Mkwaruzo.] Dada, mimi si nachota tenki la mbele? Muhula mzima sijaumwa. Si mimi ni mzima?

DADA: Chiriku. Umefanya nini?

CHIRIKU: Vikombe vitatu. Jana mchana. Saa nimeandika.

DADA: Vya tenki la— we mtoto!

CHIRIKU: Taratibu, matroni atasikia!

DADA: Na tumbo?

CHIRIKU: Limeanza alfajiri. Usikasirike, dada... nilifurahi.

DADA: Unaharisha?

CHIRIKU: Mara nne. Nazo nimeandika.

DADA: Mpe matroni simu.

CHIRIKU: Watanipa dawa, dada! Litaacha kabla mkuu hajaona. Nivumilie mpaka kesho tu, ukija anione hivi hivi—

DADA: Mtu mmoja anathibitisha nini? Hata ukizimia mezani kwake, atasema ulikula kitu kibovu!

CHIRIKU: Hilo sikulifikiria.

DADA: Maji yaliyochemshwa. Sukari, na chumvi kidogo. Unywe polepole. Nakuja leo, si kesho.

CHIRIKU: Sare za watu je?

DADA: Watangoja. Muite matroni.

CHIRIKU: Salio lake linaisha, simu inapiga mlio... Dada, utamwambia mkuu nini?

DADA: Mkuu baadaye. Muite!

CHIRIKU: Subiri, tumbo linakata tena. Nishike kwanza kalamu—

DADA: Acha kalamu! Mwambie matroni! Chiriku? Piga kelele akusikie! Haloo? Chiriku?

[Simu imekatika.]