Ng'ombe Sita Kwenye Fomu ya Kawira

Benchi letu liko mbele ya duka la Abdisalam hapa Laare, ng'ambo ya mahali miraa inapofungwa, na sisi hukaa hapo kuanzia saa nane mchana, pikipiki za wanunuzi zikishaondoka. Abdisalam huleta birika la kahawa ya tangawizi, na likiisha, kikao kimeisha. Jumatano hiyo tulikuwa watu sita wenye hasira ya kijiji kizima. Kawira, binti wa Kiogora, alikuwa ameitwa chuo kikuu kusoma shahada ya Masomo ya Kanda na Uhusiano wa Kimataifa, na majibu ya ufadhili wa serikali yalikuwa yametoka: baba yake alipe elfu tisini kila mwaka, kwa kuwa yuko kundi la wenye uwezo. Kiogora ana nusu ekari ya miraa na koti moja. Mimi huitwa Karani kwa ajili ya mwandiko wangu, na siku hiyo nilifoka kuliko wote. Sababu yake mtaijua.

Wa kwanza kurusha maneno alikuwa Nyamu, tunayemwita Wilson. Aliendesha pikapu ya miraa miaka kumi na moja hadi uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, na hapo getini ndipo anaposema alijifunzia mambo ya dunia.

Wilson: Elfu tisini. Kwa nusu ekari. Hiyo kompyuta ilikuwa imelewa.

Njura, ambaye redio ya vikao vya bunge haitoki sikioni na kwa hiyo tunamwita Hansadi, alitikisa kichwa.

Hansadi: Kompyuta hailewi, baite. Hiyo ni watu. Watoto wa wakubwa wameandikwa maskini, sasa hesabu imekataa, lazima matajiri watafutwe mahali. Wakafungua ramani, kidole ikaanguka Laare.

Mgeni wetu siku hiyo alikuwa mzee Runji kutoka Ruiri. Kijana wake anamwoa Mukami, dada mkubwa wa Kawira, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yafungwe Jumamosi. Runji alikuwa amekalia katikati ya benchi, miguu ameitandaza.

Runji: Ramani ni ya zamani. Siku hizi ni sateliti. Hiyo kitu ikipita hapa juu inaona kijani, kijani, kijani, inaandika msitu. Mkwe wangu Kiogora ako huko Nairobi ameandikwa bwana misitu.

Wilson: Na sateliti ni ya nani? Si ya hao hao wazungu walikataa miraa yetu? Hawataki mtoto wa mkulima asome hiyo kozi. Atauliza maswali.

Runji: Hii serikali haina haya. Mimi mtu wa kawaida nimetoa ng'ombe sita kwa hii boma, nikamaliza, sijasumbua mtu. Wao na kodi zote hizo wanashindwa kusomesha msichana mmoja.

Hansadi: Ng'ombe sita si mchezo, mzee.

Runji: Uliza watu wa Ruiri.

Kiogora alikuwa anazungusha kikombe kilichokwisha kahawa.

Niwaambie kwa nini iliniuma. Mwaka ule Somalia ilipofunga mlango kwa miraa yetu, Kawira alikuwa darasa la saba. Alimwona baba yake akiwalisha mbuzi magunia mazima ya miraa iliyokosa ndege. Alikuja hapa hapa kwenye benchi akatuuliza ni nani amekwenda kutusemea. Tukamwambia serikali. Akauliza kama huyo mtu wa serikali anajua lugha ya hao wenzake, tukamfukuza akachote maji. Hakuchota. Aliingia dukani kwa Faadumo, mke wa Abdisalam, na baada ya miaka mitatu alikuwa akibishana naye bei ya mchele kwa Kisomali. Mtoto wa namna hiyo anajua anachokitaka, halafu anaambiwa mlango ni elfu tisini, na nusu yake ya kwanza ilipwe kabla ya kuingia. Mimi nasema ni dhulma, na niliisema siku hiyo kwa sauti.

Mimi: Nimetafuta kwa simu mpaka bando ikaisha. Iko diploma ya bei nafuu kule Embu, anasoma miaka miwili halafu anaingia digrii katikati.

Hansadi: Diploma ya nini?

Mimi: Utalii.

Hansadi: Utalii na hiyo yake ni kitu moja?

Wilson: Zote ni wageni.

Abdisalam: Hapana. Mtalii anakuja kuona simba anarudi kwao. Kawira anataka kujua kwa nini mimi na ndugu yangu tuko na mpaka katikati.

Mimi: Basi iko nyingine, ya kusoma kwa mtandao akiwa nyumbani. Fii ni nusu.

Abdisalam: Nyumbani kwa Kiogora mtandao unakuja mpaka kwa choo, hauingii ndani. Mvua ikinyesha, hata kwa choo hauko.

Wilson: Mimi nasema apelekwe Mogadishu. Akae pale uwanja wa ndege miaka minne, anaangalia mizigo, anaangalia watu. Hiyo ndiyo masomo ya kanda, na hakuna fii. Mimi nilisoma hivyo.

Hansadi: Na ndio maana unauliza njia ya kwenda Isiolo.

Tulicheka kidogo, kisha hasira ikarudi.

Hansadi: Sikizeni. Tunajitenga. Nchi ya Nyambene, bendera yetu, muhuri yetu. Hapo Kenya yote inakuwa ng'ambo. Kawira akivuka daraja kwenda Meru, hiyo tayari ni uhusiano wa kimataifa. Wao ndio watatulipa fii.

Runji: Na mimi wa Ruiri nitakuja kwa harusi na pasipoti?

Wilson: Wewe tutakupa viza. Umeshatoa ng'ombe.

Hapo ndipo Kawira alipotokea, akitoka saiba, kwenye kompyuta za kukodi, na karatasi mbili mkononi. Tangu Machi alikuwa Embu akimsaidia shangazi yake Wambeti kuuza kwenye kioski, na alikuwa amerudi jana yake. Alitusalimia mmoja mmoja, akimalizia na Runji, ambaye alimpa mkono kwa heshima zote.

Kawira: Mzee Karani, nimeambiwa naweza kukata rufaa. Mwisho ni Ijumaa. Lakini kwanza nimetoa nakala ya ile fomu ya mzazi ilijazwa nikiwa Embu. Nataka kuuliza kitu.

Nilijua. Simu iliyojaza fomu ile ilikuwa yangu, na ilijazwa hapa hapa kwenye benchi.

Kawira: Hapa imeandikwa ardhi ekari nne.

Mimi: Hiyo ni ya marehemu babu yenu. Hati bado iko jina lake.

Kawira: Nimeshamwona baba mdogo, amesaini kwamba ni ya ukoo. Hapa wanataka hivyo, mali ikiwa ya mtu mwingine, mwenyewe asaini ni yake. Sasa imebaki moja. Mifugo, ng'ombe sita.

Wilson akaanza kutafuta kitu mfukoni. Hansadi akaizima redio, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Kawira: Kwetu kuna mbuzi wawili. Hawa ng'ombe sita wako wapi?

Siku ile ya fomu, wazee wa Ruiri walikuwa wamekuja kwa mara ya kwanza na walikuwa wameketi hapa na sisi. Nilipofika penye mifugo nilimuuliza Kiogora, naye akaninyamazia. Baba wa binti anayeombwa hawezi kutamka mbele ya wakwe kwamba boma lake ni tupu, maana binti naye atakadiriwa kwa utupu huo. Runji ndiye aliyecheka akasema, andika sita, hao ni wake tayari. Nami nikaandika sita. Ekari nne niliziongeza mwenyewe, ili ng'ombe sita wasikae vibaya kwenye nusu ekari. Tangu majibu yatoke nimeitukana kompyuta ya Nairobi, na kompyuta ilisoma nilichoandika mimi.

Kiogora aliweka kikombe chini.

Kiogora: Karani. Andika upya.

Mimi: Niandike nini?

Kiogora: Andika Kiogora hana ng'ombe. Hana hata mmoja. Andika hivyo, na usome kwa sauti, wote wasikie.

Niliandika. Nilisoma kwa sauti. Sijawahi kumheshimu Kiogora kama dakika ile, akiwa ameketi wima mbele ya mkwe wake na koti lake moja.

Kawira alichukua karatasi, akatazama mahali pa sahihi ya mwenye mali, kisha akatoa kalamu sikioni na kumnyooshea Runji kwa mikono miwili, vile msichana aliyelelewa vizuri anavyompa mzee kitu.

Kawira: Mzee, wewe ndiye unajua wako wapi. Saini hapa tu.

Runji aliisoma karatasi ile mwanzo hadi mwisho, akairudia. Kusaini ni kukiri kwa wino kwamba ng'ombe sita wanaosifiwa Ruiri nzima hawajawahi kutoka bomani kwake. Miguu aliyokuwa ameitandaza aliirudisha chini ya benchi.

Runji: Abdisalam, niongeze kahawa kidogo kwanza.

Abdisalam alilinyanyua birika, akaligeuza mdomo chini mbele yetu sote.

Abdisalam: Imeisha, mzee.

Kawira hakuishusha kalamu.