Bi. Mwanahija, Aliyeuliza Walikimbilia Wapi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Mwanahija Yahya anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha historia hapa Kilwa Masoko. Nimepewa mimi Sadick, dereva wake, niandike, maana wasomi wanajua vitabu vyake, mimi najua barabara zake. Mto Matandu ukiwa umefurika nimemvusha, maji yako kwenye usukani, mamba wanatupisha. Asiyeamini amuulize.

Alipoanza kazi, historia ya Kilwa ilikuwa magofu na masultani. Watu wa milimani hawakuwamo. Alikwenda kwao, kijijini Miteja, na kinasa sauti, wakamjibu kama wanafunzi mbele ya mkaguzi: ndiyo mama, hapana mama.

Siku moja tukakuta msiba, tukakaa. Marehemu alikuwa wa ukoo wa Mzee Nikodemu, mmoja wa wazee wa kijiji. Mtani wao, ambaye kwa mila ana ruhusa ya kutania hata msibani, akaruka kaburini, akajilaza, akagoma kutoka. “Huyu mfungeni kamba kwanza. Nyie tangu Majimaji ni kukimbia tu, hata kaburini atatutoroka.” Watu wakacheka. Mzee Nikodemu akaondoka bila kuaga. Tukaambiwa tangu ujana wake hajakaa mazishini mpaka mwisho hata mara moja, kwa sababu ya neno hilohilo.

Msomi mwingine angeandika kwamba walikimbia vita, basi. Bi. Mwanahija alimfuata mzee njiani, akamwamkia, akamuuliza walikimbilia wapi. Hilo hakuwahi kuulizwa. Akasema pangoni, na watoto. Watoto wa nani? Wa kila mtu.

Kuthibitisha kulituchukua miaka miwili. Somanga, huko pwani, katika familia ya kina Alfani, bibi mmoja akaeleza jinsi baba yake alivyolelewa pangoni kwa ming'oko, mizizi ya porini. Kikole wakapatikana wengine. Ukoo ulioitwa wa waoga ndio uliobeba watoto wa wenzao, wa bara na wa pwani. Leo walimu wa huku wanafundisha hivyo, na watafiti wakija huanza kwa kuwasikiliza watani.

Mwaka jana tulimzika Mzee Nikodemu. Mtani akaingia kaburini, sote tukingoja neno lilelile. “Ongezeni upana, bahili huyu kaondoka na ugoro wake wote. Miaka yote hakunipa hata wa kunusa.” Ya kukimbia hakuyagusa. Marietha, binti wa marehemu, alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka.

Bi. Mwanahija, ahsante. Mungu akujalie afya na mapumziko yenye heri. Marietha anasema Miteja ni kwenu, uje hata bila kinasa sauti.