Ukuta wa Mzee Boga

Ko, ko, kwaa. Usiku wa manane, ukutani, usawa wa mto wake, na Mwanatumu akaitoa khanga mdomoni, akamvuta mtoto kifuani, akasikiliza: kugonga mara mbili, kukwaruza mara moja, kimya, halafu kugonga mara tatu. Usiku wa tatu huu. Upande wa pili hulala Mzee Boga, aliyepatwa na kiharusi mwaka jana, ulimi ukamfa, na watu wakasema akili nazo zimekwenda. Sasa ni nani huyo? Akaandika nyuma ya kadi ya kliniki, nukta kwa kila kugonga, mstari kwa kila kukwaruza, na asubuhi, mtoto mgongoni, beseni la mahamri kichwani, akaipeleka kwenye benchi la Mwero Dele, muuza kahawa wa Kombani.

— Hilo jini, akasema Mwero akimimina. Limesikia kuna mzazi, linabisha hodi.

— Jini gani anaandika nukta? Elkanah wa bodaboda akacheka. Hao ni majambazi, sista. Wanachimba tunnel mpaka benki.

— Kombani kuna benki? akauliza Mwero.

— Ndio maana siku tatu hawajafika!

— Basi ni wachimba madini, akasema Mwero. Wamepita chini kwa chini. Kesho Mwanatumu utaamka kitanda kiko shimoni na mtoto wako.

— Msinitishe jamani, mimi silali tangu juzi, nikifumba macho nasikia, nikifumbua nasikia.

Mzee Kheri, ambaye kijiwe kizima kilimwita Honi kwa hadithi zake za melini, akaweka kikombe chini.

— Lete kadi, mwanangu.

— Haya, Mzee Honi anang'oa nanga!

— Nyamaza wewe. Mimi na Boga tulikuwa maopareta wa redio, zamu yangu ikiisha yeye anakaa. Tuliongea na bandari kwa nukta na mistari hivi hivi. Hizi ni herufi.

Akaomba penseli. Nukta mbili na mstari, U. Nukta tatu, S. Nukta mbili, I.

— Asalaam aleikum.

Mwanatumu akageuka. Jumwa, wifi yake, ametoka Msambweni na kikapu. Mama mkwe alikwisha sema, mzazi anayelia huharibu maziwa, na nikisikia tena unalia, mjukuu wangu namchukua, mume wako akirudi kutoka Ghuba atamkuta kwangu. Tangu hapo Mwanatumu hulia na khanga mdomoni, usiku, uso ukutani.

Uso ukutani, upande wa Boga. Akataka kuinyakua kadi. Mzee alikuwa ameshafika mwisho.

— Nukta, mstari, nukta mbili, hiyo L. Kisha I tena. Na nukta moja peke yake, E.

— Usilie, akasoma Elkanah, na sauti ikamshuka.

Mwero akalirudisha dele la kahawa kwenye makaa.

— Kwani nani hulia? akauliza Jumwa.

Mzee Kheri akamtazama Mwanatumu, macho yaliyovimba, vidole vilivyobana ukingo wa beseni.

— Ni mimi, akasema. Boga alipoanguka nililia pale kwake kama mtoto. Mwenzangu bado ananiliwaza.

— Maskini, akasema Jumwa, akamtoa mtoto mgongoni, akampima uzito kwa mikono. Mashallah, kanenepa! Nitamwambia mama.

Akatangulia naye nyumbani. Mwero akapindua dele, matone mawili tu, Elkanah akapata abiria. Mzee akainama juu ya kadi, akachora nukta na mistari mingine.

— Sikulia hata tone, mwanangu. Wala sijaenda kumtazama, mwaka mzima. Nilisema, mtu aliyeishiwa akili nitaongea naye nini.

— Hii nayo inasema nini, babu?

— Inasema "nimesikia". Usiku ugonge polepole, mkono wake mzito. Nami leo baada ya alasiri naja kwake, nitabisha kwa nukta.

— Na yale... yangu?

Akamrudishia kadi, akaifunika na kiganja chake.

— Anajua Boga, najua mimi. Wa tatu hatayasikia kwangu, wallahi.