Vichupa Thelathini na Saba vya Mama Pazia

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake marehemu, fundi cherehani, kwa idhini ya mume na watoto wa marehemu. Mtaona karatasi ni hafifu na picha imefifia. Ofisi ya mradi wa vipimo, alikofanya kazi marehemu, ilijitolea kutuchapia ratiba ya mazishi nzuri zaidi, pamoja na wasifu uliokwisha kuandikwa. Ndani yake ugonjwa wa dada yangu ulipewa maneno matano: "aliugua kwa muda na kufariki." Tulishukuru, tukachapa wenyewe. Naomba mnivumilie sauti ikipanda.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1968 katika kijiji cha pili kutoka juu, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mkulima wa viazi na mkewe. Siku hiyo mvua ilikata njia, mkunga akakwama ng'ambo ya korongo, na baba mwenyewe ndiye aliyempokea mtoto. Baba alijisifia kazi hiyo hadi uzeeni, na kila alipoisimulia mvua iliongezeka.

Alianza masomo mwaka 1976 katika shule ya msingi ya bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kushuka na zaidi ya saa mbili kupanda. Walimu walimpa kazi ya kuongoza msafara wa watoto wa juu. Alihesabu vichwa kila kona, na mtoto aliyebaki nyuma kuchuma matunda alifuatwa, akashikwa mkono na kusemwa hadi mlangoni pa darasa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1982 akiwa wa pili shuleni, akataka kusomea uuguzi. Mwaka uliofuata mama yetu akaanza kutokwa damu. Watu waliuita "ugonjwa wa ndani" na walipoutaja walishusha sauti. Dada alibaki nyumbani kumfulia mama vitambaa, kumgeuza kitandani na kunilea mimi. Mama alifariki tarehe 2 Juni 1986. Hakuna aliyetuambia kwamba ugonjwa ule ulikuwa saratani ya mlango wa kizazi, wala kwamba unaweza kuzuiwa.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa mfagizi katika zahanati ya juu, ile yenye vyumba viwili na dirisha lililozibwa kwa boksi la glavu. Alifagia kwa masikio wazi. Kila muuguzi aliyehamishiwa pale alikuta mfagizi anayejua dawa ziko wapi, nani ana mimba ya miezi mingapi, na nani anamdanganya daktari. Mwaka 2004 alipewa mafunzo ya uhudumu wa afya wa jamii, na tangu hapo mlima wote ukawa wodi yake.

Alifunga ndoa tarehe 28 Desemba 1991 na fundi redio, mtu mpole ambaye wengi wenu hamjawahi kusikia akisema sentensi mbili mfululizo. Ukimuuliza, "Shemeji, mkeo yuko wapi?" alikuwa anajibu, "Juu." Ukimuuliza atarudi lini, anajibu, "Akishuka." Lakini ndiye aliyekuwa akimshonea kamba za mkoba kwa waya wa redio ili zisikatike njiani, na ndiye aliyekuwa na chai tayari kila aliposhuka. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja.

Februari 2017 mradi wa vipimo ulifika milimani, na dada akawa wa kwanza kuchaguliwa. Kipimo chenyewe ni chepesi. Mwanamke anapewa kijiti chenye pamba, anajichukulia sampuli mwenyewe, anakitia kwenye kichupa, na maabara ya hospitali ya chini inatafuta kirusi ambacho kinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Akikutwa nacho anaitwa, anachunguzwa, na kama kuna mabadiliko anatibiwa kabla hayajawa saratani. Lakini wanawake walikuwa na hofu. Wengine walisema kijiti kinatoa kizazi, wengine walisema waume zao watajua, na wengi waliona aibu tu.

Dada alikuja kwangu akaniambia nimshonee pazia. La kwanza nililishona kwa kitambaa chepesi, tukalitundika kwenye darasa la kijiji cha tatu, jua likiwa dirishani. Dada aliingia nyuma yake kuonyesha mfano. Darasa zima liliona kivuli chake tangu kichwa hadi viatu, wanawake wakavunjika mbavu kwa kicheko hadi mmoja akaanguka na kiti chake. Nilishona jingine la buluu, zito. Ndipo akaitwa Mama Pazia, na wapo humu wasiomjua kwa jina lingine lolote.

Katika kila kijiji alianza yeye. Alikuwa anaingia na kijiti chake huku akiongea nao kutokea nyuma ya pazia.

"Nimeshaanza. Mnanisikia nikilia?"

"Hatusikii!"

"Mnanisikia nikipiga soga?"

"Ndiyo, tena mno!"

"Basi jueni hakuna maumivu. Haya, nimemaliza, hata chai haijachemka. Na aibu nimeimaliza yote mimi, hakuna iliyobaki ya kwenu. Nani anafuata?"

Hivyo ndivyo wanawake 1,140 walivyopimwa katika miaka sita. Sitini na wanne walikutwa na mabadiliko, wakatibiwa mapema, wakarudi mashambani kwao. Dada aliyafahamu majina yote sitini na wanne, na hakumtajia mtu hata moja.

Sasa nafika kwenye aya niliyoombwa niifupishe.

Kwenye kichupa cha kila mwanamke dada aliandika jina, umri na kijiji. Kwenye chake aliandika neno "Mfano." Hakulitunga yeye. Siku ya mafunzo msimamizi wa mradi alimwambia, mbele ya wahudumu wengine wanne: "Mama, ukiandika jina lako kila kijiji, ripoti itaonekana tunampima mtu mmoja. Wewe andika mfano. Maabara watajua ni wewe. Ukiona kimya, ujue uko salama." Dada aliamini. Alijipima mara thelathini na saba katika vijiji thelathini na saba, na mara zote thelathini na saba palikuwa kimya. Mwaka 2021 walimpa cheti cha mhudumu bora chenye mhuri, akakitundika sebuleni juu ya redio. Kumbe walikuwa wakimvisha kilemba cha ukoka.

Katikati ya mwaka jana damu ilianza kumtoka, na siku zake zilikuwa zimekoma miaka minne nyuma. Kama ni mwanamke mwingine, angemburuta hospitali siku hiyo hiyo. Kwake mwenyewe alisema ni mlima, ni umri, ni mzigo mzito. Binti yake alipokuta vitambaa vilivyofichwa nyuma ya pipa la maji alilia na kumsihi, dada akacheka: "Mwanangu, mimi nimepimwa kuliko mwanamke yeyote wa milima hii." Alishuka hospitali Jumatatu, tarehe 13 Februari 2023, alipokuwa hawezi tena kukaa bila kuegemea upande mmoja. Daktari alimchunguza, akanawa mikono, akavuta kiti. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye kibofu. Alimuuliza kwa upole kama amewahi kupimwa. Dada alimjibu vile vile alivyomjibu binti yake, lakini safari hii hakucheka.

Tarehe 20 Aprili nilishuka maabara kuomba majibu yake. Nilikwenda na orodha ya vijiji na tarehe zote, kwa mwandiko wake. Mtaalamu wa maabara, kijana mwenye heshima zake, alifungua daftari kubwa, akafuata mistari kwa kidole.

"Mama, hizi zote ni mfano."

"Ndiyo, ni za dada yangu. Naomba majibu."

"Hazina majibu. Mfano hatupimi. Tunafundishia wanafunzi, au tunatupa."

"Mnatupa cha mtu?"

"Tuliambiwa hizi si za mtu."

Nilimwomba arudie, akarudia. Kisha akalitazama lile daftari, akawa kama ndiyo kwanza analiona, na akaanza kuniomba msamaha. Sina neno naye. Nilivuka ua nikapanda ofisi ya mradi, yenye viti vinavyozunguka na picha ya dada yangu ukutani akiwa na mkoba wake. Msimamizi alinipa maji ya kunywa. Alisema lilikuwa suala la takwimu tu, kwamba hakuna aliyekusudia, na kwamba yeye alidhani maabara wanapima na maabara walidhani yeye anajua. Miaka sita walipitisha dhana mkono kwa mkono, na katikati yake alikuwa dada yangu. Mradi wa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi uliajiri mwanamke aliyefiwa na mama yake kwa saratani hiyo hiyo, ukamtuma kila kilima kuwapima wenzake, na yeye peke yake ukamwacha. Nina hasira, na sitajifanya sina kwa sababu ni msibani. Msimamizi yuko hapa, safu ya tatu. Karibu, msiba haumfukuzi mtu. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama ulivyompaka yeye.

Nilikaa wiki nzima sijui nimwambieje. Nilipomwambia alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye mto, anakata kucha. Aliendelea kukata mpaka mkono ule ukaisha.

"Na za wenzangu?"

"Za wenzako zote zilipimwa, dada. Nimeziona."

"Zote? Umehakikisha?"

"Nimehesabu mwenyewe."

Akashusha pumzi. Nilidhani amekwisha kuwasamehe, maana moyo wake mnaujua. Kisha akageukia ukutani akasema, "Waliniambia niko salama. Mdogo wangu, waliniambia." Alilia sana siku ile. Ndiyo mara pekee nimemwona akilia tangu tumzike mama, na machozi yake hayakuwa ya kuogopa kufa. Alikuwa ameumizwa na watu aliowaita wenzake.

Mwezi uliopita wahudumu wengine walipanda kijiji cha mwisho na vichupa vipya. Walitarajiwa wanawake arobaini, wakatokea wawili. Bibi mmoja aliwaambia mlangoni: "Mama Pazia kajipima kila kijiji, na leo hawezi kuinuka kitandani. Hicho kipimo chenu mkampime mbuzi." Habari zilimfikia dada siku ya tatu. Hakuwa anaweza tena kuinua kikombe, lakini alinishika mkono kwa nguvu hadi nikashangaa.

"Wasipopima watakufa kama mama. Siku ya kunizika, waambie sikupimwa."

"Wakubwa zako watakasirika."

"Wakasirike. Sema hivyo hivyo. Mimi sikupimwa."

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa imeshikwa na watoto. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Juzi msimamizi alikuja nyumbani na shada la maua na ule wasifu wake. Alituomba tusiguse habari ya vichupa, akisema watu watapoteza imani. Shemeji yangu fundi redio alisimama, na nadhani hiyo ni hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Alisema: "Imani wameshapoteza. Wameipoteza kwa kuwa hawajui. Mke wangu ameagiza wajue, na mimi sikuweza kumzuia akiwa hai, sembuse sasa."

Basi, mama zangu wa juu, na hasa bibi wa kijiji cha mwisho ambaye naona umeshuka na fimbo yako, sikilizeni. Kipimo hakikumshinda Mama Pazia. Mama Pazia hakupimwa. Alhamisi ijayo, tarehe 21 Septemba, vichupa vinapanda tena hadi shule ya kijiji cha mwisho. Mume wa marehemu ameidai ofisi kwa maandishi, nayo imesaini, kwamba kila kichupa kitakuwa na jina la mtu, cha mhudumu pia, na kila mtu atapewa jibu lake mkononi, hata kama jibu ni zuri.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na mdogo mmoja wa kike. Ameacha pia wanawake sitini na wanne waliokutwa mapema wakapona. Wengi wao wako hapa na wanajijua. Sitawataja, maana yeye hakuwataja.

Ila mmoja nina ruhusa yake. Wa kumi na tisa ni mimi. Ni Mei 2019. Mume wangu, samahani, ile siku nilikuambia nimeshuka kununua vitambaa. Nilikuwa nimekataa kupima miaka miwili, na dada ndiye aliyenisukuma nyuma ya pazia nililoshona mwenyewe, akaandika jina langu kwenye kichupa kwa mkono wake. Majibu yalipokuja tulishuka pamoja. Nilitibiwa asubuhi moja, na mchana tulikuwa njiani tunarudi, yeye mbele na mzigo wangu. Nilipomshukuru aliniambia nisijali, yeye amekwisha kupimwa mara nyingi.

Dada yangu apumzike. Amani nitamwombea nitakapokuwa nayo. Leo sina.