Uwanja Uliopakwa Kijani

Pantoni ya Kigamboni ilikuwa katikati ya maji, na Mwanaheri alijifanya anafunga kanga yake upya ili neno lisimpite. Mbele yake mama mmoja wa Kurasini na wakala wa mizigo mwenye tai, wasiojuana hata kwa jina, walikuwa wameshaanza kubishana juu ya uwanja mmoja wa Kurasini.

"Uwanja ule ulikuwa mtupu, mama. Niliukagua mwenyewe. Makontena yangekaa vizuri sana."

"Uliukagua lini, mwanangu?"

"Jumatatu asubuhi."

"Ndo maana! Nani anacheza mdundiko wa harusi Jumatatu asubuhi? Wale wa mipango miji walituletea ramani na rangi, wakatuuliza sie wakazi: wapi mnaogopa, wapi mnafurahi? Kila mwanamke akapapaka pale kijani, rangi ya furaha. Kompyuta ikakusanya rangi zetu, uwanja wote ukawa kijani, na makontena yenu yakaambiwa yatafute pengine!"

"Lakini furaha si matumizi ya ardhi," alinung'unika wakala.

Mwanaheri alimwonea huruma, ila kidogo tu. Harusi yake mwenyewe ilichezwa pale.

Pantoni ikagusa gati. Wakala alifungua mdomo aendelee, lakini Mwanaheri alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Wanawake wa pantoni nzima, wasiojua kinachoshangiliwa, wakampokea.