Siku Niliyokataa CD

Wapendwa, mulio nyuma sogeeni. Sauti niliyobakiwa nayo ndiyo hii, na leo sitaki mutu akose neno.

Zamani mulinisikia kwa kila redio hapa Bujumbura. Harusi za mtaa wa Kiriri bila mimi hazikunoga, na kichwa kilinivimba kweli kweli. Kisha nikaugua koo. Nikapasuliwa, nikapona, lakini sauti ya juu haikurudi. Munajua nilifanya nini? Nilificha. Nilipanda jukwaani na CD yangu ya zamani, nikawa nafungua mudomo tu, CD inaimba. Ndugu zangu, nawaambia, hofu ile hata adui yangu asiionje. Kila wimbo naangalia taa, najiuliza: umeme ukikatika je?

Ukakatika. Katikati ya harusi, bibi arusi yuko mbele yangu. CD ikanyamaza, na mi bado nachezesha mudomo. Watu walicheka, jamani! Miaka mitatu sikuimba tena, hata jikoni.

Mama mumoja wa kwaya ya hapa Kinama akanifuata nyumbani. "Dada, njoo uimbe na sisi."

"Sauti imekufa, mama."

"Apana, imeshuka tu. Na sisi tutashuka nayo."

Kwaya nzima ikaimba chini kwa sababu yangu, jioni kwa jioni, mpaka nikatunga ule wimbo wa mutu anayemuomba Mungu amurudishie kidogo tu, si yote.

Siku ya kurudi jukwaani, kule Kajaga, nilishika mikro ya kuimbia karibu mno mpaka ikanigonga meno. Fundi wa muziki akaninong'oneza, "Mama, CD iko tayari. Niweke?" Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana! Nikasema apana. Mustari wa pili wa wimbo ule, sauti ikakwama. Nikawaza, sasa hivi wataanza kucheka. Ndipo nikawasikia mama zangu wa kwaya, wamesimama nyuma kabisa, wanaushika ule mustari chini, polepole. Nikaingia tena. Nilimaliza huku nalia.

Asanteni, mama zangu. Na we unayeficha kilichopungua kwako, sema, usiishi na hofu ile peke yako. Mi mwenyewe hofu haijaisha, hata sasa hivi.

Fundi, zima mikro. Tuuimbe ule wimbo, na mukisikia nimekwama, munajua la kufanya.